Unaombwa Usimame, Unauliza Rangi ya Gauni

Msichana anaambiwa, "Fulani anaolewa mwezi wa saba, na kwenye wapambe wake amekutaja wewe." Neno la kwanza linalomtoka ni, "Rangi gani?" Nyoo! Hapo nasonya mpaka walio ng'ambo ya barabara wanageuka. Hajauliza mwenzake anaolewa na nani. Hajauliza kama ameridhika, wala kama yeye atatakiwa afike siku ngapi kabla, afanye nini. Kauliza rangi. Akishajibiwa kwamba ni damu ya mzee au bluu bahari, swali la pili ni kama mgongo utakuwa wazi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kasulu. Nimezaliwa Kibondo, nikaolewa huku, na baraza ninaposhonea ndipo kijiwe kilipo: vijana wa bodaboda wanaegesha kivulini, mzee wa kahawa anatua birika lake, akina mama wakitoka sokoni wanashusha mizigo wapumue. Mvua zikikata mwezi wa tano na watu wakishauza maharage na mahindi, harusi zinaanza kuongozana Jumamosi kwa Jumamosi, na hapa barazani hakuna mazungumzo mengine. Nakula kwa magauni ya wapambe, kwa hiyo asitokee mtu akasema nayasema haya kwa wivu. Nayasema kwa sababu wasichana hawa nawapima kifua na kiuno, na mtu anayepimwa huongea.

Kwanza tuwatenganishe watu, maana hata kamati zenyewe zinawachanganya. Yuko matroni, msimamizi wa kike, ambaye kwa harusi zetu za kanisani ni mama mwenye ndoa yake, na mara nyingi mumewe ndiye besti upande wa bwana harusi. Wako wapambe, wasichana wanne au sita, siku hizi hata kumi, wenye sare. Wako watoto wa maua, ambao husinzia kabla keki haijakatwa, na hao hatuna ugomvi nao. Matroni na mpambe wanakaa karibu na mtu yule yule siku ile ile, lakini matroni ndiye anayetia sahihi kama shahidi wa ndoa.

Nilipolisema hili juzi, kijana mmoja wa bodaboda akanijibu, "Lakini mama, ile sahihi si ya picha tu? Mpiga picha ndiye anayewaambia washike kalamu." Nilisimamisha cherehani. Mwanangu, ile sahihi ndiyo ndoa yenyewe! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, ukimtoa anayeifungisha, kila mmoja awe ametimiza miaka 18 na awe anaelewa kinachofanyika. Wakatoliki nao wana kanuni yao ya 1108 kwenye sheria za Kanisa za mwaka 1983: mfungishaji ndoa na mashahidi wawili, bila hao hakuna kilichofungwa. Keki ikikosekana ndoa ipo. Muziki ukizimika, ndoa ipo. Wapambe wote kumi wakiumwa matumbo wabaki nyumbani, ndoa ipo. Waondoe wale mashahidi wawili uone.

Sasa shahidi anashuhudia nini? Sheria hiyo hiyo inataka wanaooana wawe wameridhika kwa hiari yao. Hicho ndicho matroni anachokiwekea jina lake. Kwa hiyo kazi yake haianzi saluni asubuhi ya Jumamosi. Inaanza wiki kadhaa nyuma, wakati tangazo la ndoa linasomwa Jumapili hadi Jumapili na zile siku 21 za notisi zinahesabika. Siku hizo zimewekwa ili mwenye neno alitoe. Matroni anayejua kazi yake anamwita binti, wanakaa wawili tu, simu zimewekwa pembeni, anamwuliza: unamtaka huyu? Kuna mtu amekusukuma? Kuna deni la baba yako humu ndani? Umepima afya? Ana mtoto au mke mahali pengine unayemfahamu? Binti akilia, asiharakishe kumfuta machozi ili poda isiharibike. Amsikilize mpaka mwisho.

Nawajua wanawake waliosimamia ndoa ambao hawajawahi kukaa hata nusu saa na bibi harusi wao kabla ya siku yenyewe. Waliteuliwa kwa sababu mume ana gari zuri la kubebea maharusi. Ebo! Gari linakodishwa jamani.

Na hapo kwenye miaka 18, safari hii ya bibi harusi mwenyewe, nataka tutulie kidogo, kwa sababu ni jambo la huku kwetu milimani na wapambe wanahusika nalo kuliko wanavyodhani. Sheria ya 1971 iliacha mlango wa msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, hata wa 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaupeleka mlango huo Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama pale pale. Mwanafunzi ndiyo kabisa: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Sasa nani anajua umri wa kweli wa msichana? Baba anaweza kusema lolote, na karatasi inaweza kuandikwa lolote. Waliokaa naye dawati moja wanajua. Wasichana wanaoletwa kwangu kupimwa magauni ndio waliosoma naye, wanajua alikuwa kidato gani Krismasi iliyopita. Mpambe anayejua kwamba mwenzake anatolewa shuleni kupelekwa kwa mwanamume, akanyamaza kwa sababu kitambaa kimeshanunuliwa, amefanya vibaya, na namwambia usoni. Aende kwa mwalimu, aende kwa ofisa ustawi wa jamii, aende Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Akiogopa, aje kwangu nitakwenda mimi. Gauni litavaliwa harusi nyingine.

Mzee wa kahawa huwa hasemi sana, lakini hili la wapambe linamkera. Yeye ni wa Heru Juu. Anasema zamani msichana alisindikizwa na shangazi zake na wasichana wa rika lake, wakiimba, wamebeba vikapu na mikeka, na waliofika naye hawakukimbilia kurudi. Walibaki kumzoesha ugeni, wakachota naye maji, wakamtambulisha kwa wakwe. Sare haikuwapo. Kilichowatambulisha ni mizigo waliyoibeba. Akiulizwa kama maneno ya mwanamke yalihesabika enzi hizo, anauliza utemi wa Heru ulikuwa chini ya nani kabla ya Uhuru. Si Mwami Theresa Ntare? Mwanamke alikalia kiti cha watemi wa hapa na wanaume wakasikiliza hukumu zake. Leo mwanamke anapewa kalamu ashuhudie ndoa na anaifikiria pozi ya picha!

Kila watu walikuwa na mtu wa kazi hii ya kukaa na bibi harusi. Baganda wana ssenga, shangazi anayemfunda binti. Pwani wana somo na kungwi. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao alikuwa pia mwalimu wa unyago, na aliifanya kazi hiyo mpaka uzeeni. Kwa Waislamu wenzetu mashahidi wa nikahi ni wanaume na wanakaa na sheikh na walii, ila chumbani na bibi harusi anakaa mwanamke mzima anayejua anachokifanya. Warumi wa kale nao walikuwa na mama waliyemwita pronuba, ambaye ndiye aliyeunganisha mikono ya maharusi, na sharti lake lilikuwa awe ameolewa mara moja tu. Nilipoisikia hiyo nilifurahi, maana makanisa mengi hapa kwetu yanadai kitu hicho hicho: msimamizi awe na ndoa takatifu iliyosimama, kwanza ya kwake, ndipo asimamie ya mwenzake. Halafu watu wananung'unika kwamba paroko ni mkali!

Hata hizi sare za kizungu zina kazi ndani yake. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa Februari 1840 alikuwa na mabinti 12 nyuma yake, na mikono yao haikuwa na simu, ilikuwa imeshika mkia wa gauni lake. Huku kwetu nimeona mkia wa shela unaburutwa kwenye udongo mwekundu wa Kibondo na wapambe sita wamesimama pembeni wanajipiga picha.

Hiyo harusi ya Kibondo niliihudhuria, na ni lazima niieleze. Ilikuwa Agosti, vumbi lile mnalolijua, kabla lami ya Kabingo hadi Manyovu haijafika sehemu ile. Bibi harusi aliamshwa saa kumi alfajiri kwenda kupambwa. Hakula. Gauni lilikuwa limebana, mpambaji akamwambia akila litagoma kufunga. Misa ilichelewa. Ilipofika wakati wa kusimama kwa viapo, binti akayumba, akashika mkono wa padri. Matroni anatazama huku na huku. Wapambe wawili hawapo, wako nje. Aliyeokoa ile ndoa ni msichana mmoja mnyamavu wa mwisho kwenye mstari, ambaye wengine walimweka nyuma kwa sababu viatu vyake havikufanana na vyao. Alikuwa na chupa ya maji kwenye mkoba na kipande cha ndizi ya kuchemsha alichokifunga kwenye kitambaa safi. Akampelekea kiti, akamlegezea zipu mgongoni, akamfunika na mtandio, akamnywesha, akamlisha kidogo kidogo. Ndoa ikafungwa. Watu wakaendelea kuwasifia wale waliocheza vizuri kuingia ukumbini. Mimi macho yangu yalikuwa kwa yule wa viatu tofauti, na tangu siku hiyo msichana akija kupima gauni la upambe namwuliza ataweka nini kwenye mkoba.

Maana mkoba wa mpambe una mambo. Sindano na uzi wa rangi ya gauni, tena uzi umeshatungwa, kwa sababu mkono unaotetemeka hautungi sindano. Pini za kubania. Kitambaa cha jasho. Maji. Kitu cha kula kisichochafua midomo. Pedi, hata kama bibi harusi kasema siku zake bado; wasiwasi unaleta mengi. Ndala za kubadilisha jioni miguu ikivimba. Kanga au mtandio wa mabega, kwa sababu wachungaji na mapadri wetu hawapokei mabega wazi madhabahuni, na nimeona bibi harusi akitupiwa kanga ya mpishi yenye picha za kunguru na jogoo mlangoni mwa kanisa ili aruhusiwe kuingia. Aibu ile ilikuwa ya matroni. Alikuwapo siku gauni linachaguliwa.

Halafu kuna kazi zisizobebwa mkobani. Kumsaidia kwenda haja na lile gauni lenye waya, watu wawili wakilishika, mmoja akilinda mlango. Hakuna anayelitangaza hilo lakini bila hilo bibi harusi anashinda na kiu kwa kuogopa choo. Kushika simu yake, kwa sababu asubuhi hiyo mpambaji anampigia, mwenye keki anampigia, na kuna wakati mtu mwovu wa zamani naye anachagua saa hiyo hiyo kupiga. Mpambe mwenye akili anapokea, anajibu kwa adabu, anazima. Kuandika zawadi: nani kaleta godoro, nani kaleta vyombo, bahasha ya nani, ili shukrani ziende kwa watu wenyewe na pasitokee wa kulalamika kwamba mbuzi wake amemezwa na jina la mwingine. Kuwakalisha wazee. Salamu za Waha ni ndefu, na bibi wa Muhinda aliyetembea kuja kumwona mjukuu wake hawezi kupitwa kwa kupungiwa mkono na msichana mwenye kucha za bandia. Unashuka, unainama, unaulizwa ya nyumbani, unajibu, unauliza yake. Siku hizi bwana harusi anaweza kuwa amekuja na ndugu kutoka Dar es Salaam au Mwanza wasiojua Kiha hata neno. Mpambe wa hapa ndiye daraja: anamweleza shangazi wa Dar kwa nini bibi yule anamshika mkono hamwachii, anamweleza bibi kwamba mgeni hana kiburi, hajui tu.

Hayo yote yanawezekana kwa msichana wa gauni lolote.

Ndiyo maana suala la fedha linaniuma. Gauni moja la satini na lesi, kitambaa na ushonaji, linakula debe la maharage na zaidi. Hapo bado viatu, nywele, kucha, na gauni jingine la sendofu, na kitenge cha kicheni pati, na mchango wa kamati. Msichana anayeuza karanga stendi atapata wapi? Anakwenda kukopa kwenye kikoba. Nimeshonea wapambe ambao gauni lilichakaa na deni bado linalipwa, na mmoja aliniomba nimpunguzie huku machozi yakidondokea kwenye tepu ninayompimia. Nikamwuliza kwa nini hakukataa. Akasema, "Mama, nikikataa atasema simpendi." Nyie! Anayekupenda hakudai upendo kwa mita za satini.

Msimamo wangu ni huu, na kamati yoyote itakayonifuata nitaieleza hivyo hivyo, hata kama inanipunguzia riziki. Anayetaka sare, anunue sare. Bibi harusi na familia yake wakiona fedha haitoshi wapambe sita, wachukue wawili. Wakiona haitoshi hata wawili, wasichana wavae kitenge kimoja walicho nacho, au gauni lao zuri la Jumapili, kila mtu na lake. Kanisa halidai rangi. Sheria haidai rangi. Na wale wanaochagua wapambe kwa weupe wa ngozi na wembamba wa kiuno, wakamwacha rafiki aliyekaa na bibi harusi alipougua, ati "hatatoka vizuri kwenye picha," hao nasonya mara mbili. Picha zenyewe simu ikianguka majini zimepotea.

Kuna jambo jingine ambalo kijiweni wanaume hunyamaza likitajwa, nami nalitaja kwa sauti. Usiku wa harusi wapambe wanaachwa. Bibi harusi ameshaondoka na gari la maua, wazee wameshalala, bia imeshapanda vichwani, na wasichana wa miaka 19, 20, wamebaki ukumbini na magauni ya migongo wazi na viatu mkononi wanatafuta usafiri. Mshereheshaji amewatania usiku mzima kwenye spika kana kwamba ni zawadi za meza ya marafiki wa bwana harusi. Kuna wanaoliona hilo ni ruhusa. Wako wasichana ambao ujana wao uliharibikia hapo, na walionihadithia walinihadithia wakiwa wamesimama pale pale wateja wangu wanaposimama kusubiri suruali zao. Aliyewaalika ana wajibu wa kuwarudisha. Kamati inayoweza kulipa muziki iweze kulipa gari la kuwarudisha wapambe majumbani kwao, mmoja mmoja hadi mlangoni kwa mama yake, na matroni asiondoke ukumbini kabla gari hilo halijajaa. Mshereheshaji aambiwe mapema, kwa maneno makavu, kwamba wapambe hawataniwi.

Vijana wa bodaboda hapa kwetu tumeshakubaliana nao: Jumamosi ya harusi mmoja wao anabaki hajanywa, na kazi yake ni kuwapeleka. Nawashukuru hadharani kwa hilo, maana lawama zao huwa zinatangazwa haraka zaidi.

Sasa turudi kwa matroni, kwa sababu mpambe anaweza kumaliza kazi Jumapili, matroni hamalizi. Wiki ya kwanza anakwenda kuwaona. Hakai sana, hachungulii chumbani. Anauliza kama wamelala vizuri, kama wana unga, anaondoka. Mwezi wa tatu anakwenda tena, na huo ndio ugumu unapoanza, michango imeshaliwa, mwenye ukumbi anadai salio, bwana harusi anagundua mkewe ana hasira asubuhi, bibi harusi anagundua mshahara alioambiwa si ule. Hapo wanahitaji mtu wa kusema naye ambaye si mama wa yeyote kati yao. Mama mzazi akisikia, hasahau. Wawili watapatana kesho, yeye atabaki na kinyongo miaka kumi. Msimamizi anasikia, anakemea upande unaostahili, na mdomo wake unafungwa. Anayelipeleka jambo hilo kwenye kikoba chake siku ya marejesho hafai kusimamia hata harusi ya kuku.

Na ajue mipaka. Mume akimpiga mke, kazi ya matroni haiwi kumwambia binti avumilie kwa sababu "ndoa ndivyo zilivyo." Nimesikia wasimamizi wakisema hivyo, wanawake wenye rozari mkononi, na nimewajibu mbele ya watu. Ulitia sahihi kwamba ameridhika kuolewa. Hakuna mahali ulipotia sahihi kwamba apigwe. Mtoe, mpeleke hospitali, mpeleke polisi. Kwa magomvi mengine, sheria imeweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na kwa kawaida mtu haendi mahakamani kudai talaka kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha. Kama mpo wasimamizi wa kweli, mengi yatamalizwa sebuleni kabla baraza halijayasikia. Yakishindikana, mfuate binti hadi huko barazani, ukae naye, umshikie mtoto wakati anaeleza. Wewe ndiye uliyekuwapo siku ya kwanza.

Dada mmoja aliyekuwa anasubiri vifungo aliniuliza, kwa mzigo huo wote, nani atakubali? Nikamjibu kwamba watakubali wachache, na wachache ndio wanaotakiwa. Harusi haihitaji mstari mrefu wa wasichana. Inahitaji mwanamke mmoja mwenye ndoa iliyosimama na ulimi uliotulia, na rafiki mmoja au wawili waliomjua bibi harusi kabla hajapakwa poda. Huko Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, watu waliovuka mpaka kutoka Burundi na Kongo na mizigo ya kichwani wanafunga ndoa, na pia huko anatafutwa mwanamke wa kusimama kando ya binti. Kama wao wanaona hilo haliachwi, sisi wenye mashamba na maduka tunashindwa nini?

Kwa hiyo wewe binti unayesoma hapa, msimu ndio huu. Kamati itakuletea kipande cha kitambaa na kukuambia umechaguliwa. Kabla hujakipokea, kamwone bibi harusi mwenyewe, peke yake, umwulize kama anaolewa kwa kupenda, anataka umfanyie kazi gani, na nani atakurudisha nyumbani usiku. Akiwa na majibu, njoo nitakushonea na nitakusubiri ulipe kidogo kidogo. Asipokuwa nayo, rudisha kitambaa.